Tundu la Namba Saba

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliyesema hivyo nadhani alikuwa mlinzi wa nyumba za kupanga, tena wakati wa baridi, maana Riyadh ikipoa kila chenye miguu zaidi ya miwili hutaka kuhamia kwa watu. Jengo letu la Al-Naseem lilikuwa na nyumba kumi na mbili na mlinzi mmoja, yaani mimi, Naftali wa Kitale. Amri ya bosi ilikuwa fupi: "Mafi panya, mafi mende," yaani kwa Kiarabu chao asiwepo hata mmoja.

Kazi hiyo naijua. Wadudu na panya hupita pale ukuta ulipotobolewa kwa ajili ya mabomba, kwa hiyo kila Novemba huzunguka nyumba hadi nyumba nikishindilia waya wa kusugulia sufuria kwenye matundu, kisha saruji juu. Novemba ya 2015 namba saba sikuingia. Mwenye nyumba alikuwa safarini, na mwanamume hakanyagi nyumba yenye wanawake peke yao. Nikampa saruji mlangoni Priscah, dada wa Kakamega aliyefanya kazi humo, azibe mwenyewe. Kesho yake akaniambia tundu la bafu lake, upande wa namba sita, bado liko wazi. Madam amekataa vigae vichafuliwe. Nikamwambia asokomeze kitambaa, nitakuja. Sikwenda. Kwenye karatasi ya bosi niliandika "tayari", kwa uvivu tu.

Alhamisi moja ya Januari 2016, mchana, Bwana Waleed wa namba sita alishuka ngazi na begi, anaelekea Jeddah kwa dada yake. "Mende halas!" akaniambia, yaani wamekwisha. Alikuwa amenunua vidonge vya kuulia wadudu sokoni, akavisambaza vyumba vyote na kuziba mlango kwa selotepu. Nikacheka naye, nikampakilia begi.

Ijumaa asubuhi nilipopanda kufagia, harufu ikanipiga puani: kitunguu saumu, na kwa mbali samaki aliyeoza. Kwetu Kitale vidonge vya harufu hiyo, vinavyotoa hewa ya sumu, tunaweka kwenye ghala la mahindi, na hakuna anayelala karibu. Jirani yetu Ephraim alilala. Tulimzika siku moja na mkewe.

Niligonga namba saba hadi vidole vikauma.

"Priscah! Dada, uko sawa?"

"Ni wewe, kaka?" Sauti ilitoka chini, ya mtu aliyeketi sakafuni. "Kichwa inauma vibaya. Nimetapika tangu usiku. Nafikiri ni ule wali."

"Si wali. Ni sumu ya huyo jirani. Toka nje!"

"Nitatoka aje? Wamenifungia. Wako Jeddah mpaka kesho, na kifunguo iko na madam."

Nilijua, ila hofu ilinisahaulisha. Niliwafungulia geti mwenyewe, familia nzima garini. Wakisafiri walifunga maji, wakafunga gesi, wakamfungia na Priscah.

"Fungua madirisha, basi!"

"Sebule wamefunga. Dirisha ya kwangu nilibandika selotepu juu ya baridi. Ya jikoni inafunguka kidogo tu. Kaka, harufu inatoka kwa ile shimo ya bafu."

Ile shimo.

"Kaa jikoni, pua dirishani. Usirudi huko, umesikia?"

Nikapiga simu kwa zimamoto. Kiarabu changu ni cha kufungulia geti tu, lakini aliyepokea alishika neno sumu na jina la mtaa, akasema wanakuja. Kisha nikampigia kafili wa Priscah, mwajiri aliyemleta nchini. Nyuma yake watoto walikuwa wakicheka.

"Usifungue," akasema. "Mwanamke yuko peke yake. Ukiingia kwangu, ni polisi. Nakuja kesho." Akakata.

Niliogopa, sitadanganya. Nilisimama mbele ya mlango ule na mtaimbo mkononi nikiiona jela, nikiiona ikama yangu, kibali cha kuishi huku, ikifutwa, nikiwaona wanangu wakirudishwa nyumbani kutoka shuleni. Nikaomba zimamoto wafike, wavunje wao.

"Priscah?"

"Mm."

"Ongea nami. Kanisani kwenu mliimba sauti gani?"

Niliita tena, mara tatu, na mara ya tatu sikuogopa polisi tena. Niliogopa ile karatasi niliyoandika "tayari". Nikapachika mtaimbo, nikasukuma kwa uzito wangu wote mpaka kitasa kikang'oka.

Hakuwa jikoni. Alikuwa kwenye sakafu ya bafu lake, sweta mkononi, nusu yake imeshindiliwa ndani ya lile tundu. Alikwenda kuliziba. Nilijifunga kilemba puani, nikamwinua, nikashuka naye ngazi bila kuhesabu hatua, na kumlaza kando ya barabara kwenye jua la baridi. Midomo ilikuwa ya buluu. Nilimpiga mashavu, nikamwita, nikamwita Mungu. Mwishowe akakohoa. King'ora kilikuwa kikikaribia.

Alifumbua macho, akanitazama, akatazama geti.

"Umenitoa aje?"

"Nimevunja mlango."

Hapo ndipo alipolia. Alinishika shati kwa mikono miwili, hana nguvu hata ya kukunja vidole.

"Kaka, nirudishe. Nirudishe ndani, urudishie mlango, kabla madam hajajua. Atasema nimetoroka."

Nikamwambia atulie, daktari anakuja. Hakunisikia. Kusimama alishindwa, akageuka kifudifudi, akaanza kutambaa kuelekea ngazi.