Sekunde Tatu za Adabu

Mashine ilikuwa na kasoro moja tu: iliwahi mno kusema ukweli.

Kurosaka aliigundua kasoro hiyo akiwa amesimama nyuma ya Profesa Hatakeyama, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Mizukawa. Profesa alikuwa akipitisha kamera katika utumbo mpana wa mgonjwa. Mashine ambayo kampuni ya Kurosaka ilitaka kuiuza ilitazama picha zile zile, na kila ilipoona kinyama kinachoweza kugeuka saratani, ilikizungushia alama ya njano na kulia. Ililia mara tatu. Mara zote tatu Profesa alikuwa bado hajaona kitu. Madaktari watano wa chini yake waliinamisha vichwa wakachunguza viatu vyao.

"Ina makelele," alisema Profesa. Majaribio yakaishia hapo.

Nje, wauzaji wa kampuni zote walikuwa wamejipanga ukutani, mikono mbele, wakisubiri daktari apite wamwinamie. Onodera, mkuu wa Kurosaka, alimvuta pembeni.

"Umemletea Profesa mashine ya kumsahihisha?"

"Mkuu, si ndiyo kazi yake?"

"Kazi yake ni kununuliwa. Machi ikiisha haijanunuliwa, wewe utahamia Wakkanai. Nasikia kaa wa huko ni watamu."

Wakkanai ni kaskazini kabisa mwa Japani, nchi inakoishia. Binti wa Kurosaka alikuwa katika mwaka wa mitihani, kwa hiyo baba angekwenda peke yake, kama waendavyo wanaume wote wa kampuni. Siku hiyo hiyo alimfuata Bi Minegishi, fundi wa programu.

"Ichelewe sekunde tatu, dada. Profesa aone kwanza, kisha mashine ikubali."

"Sekunde tatu kamera imeshapita. Alama itazunguka hewa."

"Basi kama kinyama kimeshapita, inyamaze."

"Na Profesa asipokiona?"

"Swali hilo unaniuliza kwa mdomo au kwa maandishi?"

Minegishi alicheka. "Kwenye fomu niandike nini?"

"Andika: maboresho ya utulivu wa chumba."

"Haya. Sasa ina adabu kukushinda wewe."

Kwa majaribio ya pili alihitajika mgonjwa, na Kurosaka alijitolea. Onodera aliusifu moyo huo mbele ya ofisi nzima. Hakujua kwamba tangu vuli, Kurosaka alikuwa ameficha mezani barua ya uchunguzi wa afya wa kila mwaka. Choo chake kilikutwa na damu. Barua ilimtaka apimwe haraka. Yeye alikuwa na shughuli nyingi za kuuza vipimo.

Alilala ubavu, bila dawa ya usingizi, uso ukielekea kwenye skrini. Profesa alirudisha kamera taratibu huku akisimulia habari za gofu. Ndipo Kurosaka alipokiona: kitu chekundu, ukubwa wa punje ya azuki, yale maharage madogo mekundu, nyuma ya mkunjo.

Moja. Mbili. Tatu. Mkunjo ukapita. Mashine ikanyamaza kwa adabu kamili.

"Safi kabisa," alisema Profesa. "Na mashine imekubaliana nami."

Madaktari watano walipiga makofi. Onodera aliinama hadi kipara kikaonekana.

Kurosaka alipiga hesabu. Akinyamaza, atabaki na kinyama chake. Akisema, atakwenda kula kaa. Miaka ishirini ya kusimama kwenye ukuta ule ilimjia ulimini.

"Profesa, niwie radhi kwa ujinga wangu. Kile chekundu ulichokiacha makusudi, nyuma ya mkunjo, ili kuijaribu mashine... ni kitu gani?"

Profesa aliitazama skrini, kisha akamtazama mgonjwa.

"Kumbe umenigundua," alisema hatimaye, na kamera ikarudi ndani. "Hiki hapa. Leo ni kidogo. Baada ya miaka mitatu, nisingependa kukutana nacho."

Alikikata pale pale. Kisha akawageukia madaktari wake.

"Mmeona? Mashine haikukiona, mimi nilikiona. Mashine inayojua nafasi yake ndiyo ya kuaminiwa. Tununue mbili."

Jumatatu, Onodera alimletea Kurosaka karatasi ya idhini mezani.

"Wakkanai umeiponyoka, bwana. Na sifa zimeenea. Hospitali nyingine inataka kumi. Ila profesa wao ana miaka sabini na mmoja. Wanaomba utulivu wa chumba wa sekunde saba."

Mhuri wa Onodera ulikuwa umeshapigwa, umesimama wima. Kando yake palikuwa na nafasi tupu. Kurosaka alishika tumbo, mahali palipokatwa, akafikiria wagonjwa ambao hawatakuwa wakitazama skrini. Akamtazama Onodera, aliyekuwa akitabasamu.

Kisha akautoa mhuri wake, akaulowesha wino mwekundu, na kuupiga ukiwa umelala kidogo upande wa kushoto, kama desturi itakavyo, ili uonekane unauinamia mhuri wa mkubwa wake.