Nundu Mbili za Mfereji

Alhamisi, tarehe tisa Agosti 1979, vyuma viwili viligongwa kwa pigo moja, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mfereji wa mradi wa umwagiliaji, hapa nje ya Isiolo, ulikuwa na mlango juu na mlango chini. Wa juu ukifunguliwa ghafla, maji yanatupa nundu ya wimbi, laini kama ya ngamia, inashuka bila kuvunjika. Wa chini ukifungwa ghafla, nundu nyingine inapanda kinyume cha mkondo. Kila mlinzi, akigusa mlango wake, aligonga kipande chake cha reli kutuonya. Mlio mmoja, unapanda ngazi ya saruji, nundu inakupita magotini. Miwili, unatoka kabisa.

Siku ile wageni walikuwa wanakuja. Afisa wa mradi, Bedan, akaamuru milango yote miwili ichezeshwe pamoja, wageni waone kazi. Milio miwili ikawa mmoja. Mke wangu Nakiru alikuwa anateka maji, akapanda ngazi tu. Mimi nilikuwa ng'ambo nakata nyasi. Niliona nundu zote mbili, nikamwita atoke.

“Nimesikia, baba Aule. Ni mlio mmoja tu. Unaogopa maji kama mbuzi.”

Zilikutana pale pale aliposimama. Hazikugongana kama magari. Ziliingiana, zikawa mlima mmoja, kimya, hata povu hakuna. Halafu zikaachana, kila moja na umbo lake, moja chini, moja juu, kama hazijawahi kuonana. Ila zilisita kidogo, kama mtu aliyebebeshwa kitu. Ngazi ilikuwa tupu.

Tuliruhusiwa kutafuta mwili upande wa chini tu. Mlinzi wa mlango wa juu, jina lake Wako, akaniletea kiatu cha Nakiru cha tairi. Kilikuwa kimekwama mlangoni kwake. Nikampelekea Bedan, nikamwomba watu wachimbe tope la huko, nipate wa kuzika.

“Mzee Lokorio, kwenu Lodwar maji hupanda mlima?”

“Kwetu hakuna maji, bwana afisa. Haya ni yenu.”

“Maji yakikutana yanauana, hakuna kinachopanda. Kiatu kililetwa na mbwa.”

Mbwa. Wenye vyeo hawakosi mbwa.

Wiki ile ile tingatinga likafukia dimbwi la tope la mlango wa juu, eti kwa sababu ya mbu.

Ukame wa themanini na nne uliukausha mfereji. Lakini nikisimama kwenye ile ngazi, hata mchana, baridi hunipita magotini mara mbili, moja ikishuka, moja ikipanda. Ile inayopanda husita kidogo.

Chini tulitafuta mpaka mchanga. Kule juu mlifukia nani?