Namba Kumi na Saba

"Namba kumi na saba!" mkata samaki aliita kutoka nyuma ya kaunta, na Mama Wali akaenda kuchukua sahani mwenyewe, kama mteja yeyote. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, na ya kwanza kumleta mama yake mzazi kwenye mkahawa huu wa sushi anakopika wali. Kwa miaka sita bibi huyo hakuacha kumtania: "Kazi gani hiyo? Unapika wali, unaupoza, unautia siki, halafu unaubebesha samaki ambaye hata moto hajauona!" Leo alikuwa amevaa viatu vyake vya kutokea, na kadi ya namba ameikamata kwa mikono miwili.

Mama Wali alikaa, akatia tonge mdomoni, akaacha kutafuna.

Kiporo.

Wali wa jana, uliopashwa moto na kuzidishiwa siki ili kuficha uzee wake. Punje zilikuwa ngumu kwa ndani. Jana, kabla ya kuondoka, aliacha robo beseni akamwambia meneja utupwe, naye akaitikia vizuri kabisa, "Sawa, Mama Wali." Kumbe ilikuwa sawa ya mdomoni tu.

Akamtazama mama yake. Huyu ndiye aliyewahi kumrudishia wifi yake sufuria nzima ya wali kwa sababu ya punje tatu ambazo hazikuiva. Sasa alitafuna polepole, akameza kwa shida, akapangusa midomo.

"Mzuri, mwanangu," alisema kwa upole. "Umejitahidi."

Lo! Heri angemtukana. Maisha yote mama yake hakuwahi kumwonea huruma kwenye chakula, na leo anamwonea kwa uchafu wa mtu mwingine. Hasira zikampanda hadi masikio yakawaka. Akainuka na gauni lake la kutembelea, akazunguka kaunta.

"Huu wali nani kauandaa?"

Mkata samaki akainamia kisu chake. Meneja akaja mbio, bado ana lile tabasamu la wateja.

"Mama Wali, si uko mapumziko wewe? Punguza sauti basi. Wateja hawajui tofauti."

"Mimi naijua! Na yule aliyekaa pale anaijua, ndiye aliyenifundisha. Umemlisha mama yangu kiporo, na anadhani nimekipika mimi!"

"Ukigusa hilo beseni, kesho usije."

"Ya kesho tutayaona kesho. Nipishe."

Akalibeba beseni, akalimimina lote kwenye pipa la taka. Mteja mmoja akanusa tonge lake, akalirudisha sahanini. Mama Wali akapima mchele mpya, akaufungulia bomba. Maji yakatoka meupe kama maziwa, akayamwaga. Ya pili yalitoka na ukungu kidogo.

Pale mezani, mama yake alikuwa ameshaisukuma sahani mbali kwa kidole kimoja.

"Bibi, namba yako tumeshaihudumia," meneja alimwambia.

"Bado," alijibu, akailaza kadi mbele yake. Kisha akapaza sauti kuelekea kwenye sinki: "Na hayo nayo mwaga! Toka lini mchele unaoshwa mara mbili tu?"

Mama Wali akayamwaga, akafungua bomba tena.