Alijilaza

Kwa miaka ishirini na miwili nimehakiki michezo ya jukwaani, na kanuni yangu ni moja: sisifu jamaa. Kumbi zetu zimejaa mashangazi wanaopiga makofi kabla mwigizaji hajafungua kinywa, na magazeti humsifu yeyote aliyempa mwandishi tiketi mbili za bure. Tunapakana mafuta kwa mgongo wa chupa, kisha tunashangaa viti vinabaki wazi.

Kwa hiyo mhariri aliponituma kuhakiki mchezo wa binti yangu mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kwenda, nilimpima kwa mizani ya wageni. Tena nikaongeza jiwe, watu wasije wakasema. Mwishoni mwa mchezo binti anatupwa kutoka kwenye roshani yenye urefu wa mita tatu, anatua juu ya godoro nyuma ya ukuta wa mbao, watazamaji wasimwone. Niliandika: "Huyu hakuanguka. Alijilaza."

Neno likapendwa. Wenzake wakambatiza Bi Kujilaza. Jumapili alipokuja kula kwangu sikumwomba radhi. Nilimwambia kazi ni kazi, ale chakula kisipoe. Alikula, akaosha na vyombo bila kuambiwa. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Jumamosi, saa tisa mchana, mshonaji wa mavazi alinipigia simu kutoka kwake, alikolala na homa. Msaidizi wake alikuwa amempa habari moja kama kichekesho, yeye hakucheka. Binti yangu alikuwa amemwagiza fundi wa jukwaa aondoe godoro. Eti mwili wake unajua kuna raha inaungoja chini, ndiyo maana anajilaza. Leo ataanguka kweli. Mwongozaji hajui.

Mchezo ulikuwa umeanza saa nane na nusu. Nilipiga simu kwa binti, kwa mwongozaji, kwa ofisi. Zote zimezimwa, ndiyo sheria ya ukumbi. Nilitoka na kandambili za chooni.

Mlinzi wa mlango wa nyuma alisema mhakiki hapiti huku. Nilimwambia leo mimi si mhakiki, nikapita chini ya mkono wake.

Nyuma ya jukwaa kulikuwa na giza. Sauti ya binti ilitoka juu yangu, kwenye roshani. Mchezo naujua: ilibaki sentensi nane hivi. Fundi, ambaye wote humwita Misumari, alikuwa ameketi juu ya sanduku.

"Godoro liko wapi?" nilinong'ona.

"Kwenye gari, huko nje. Kasema nilipeleke mbali asije akabadili nia."

"Hii sakafu ni saruji, baba."

"Mama, aliyeandika ni wewe. Mimi nimepigilia tu."

Kando ya ukuta palikuwa na pazia la zamani, zito, limekunjwa kama mzoga. Nilishika ncha moja, halikusogea. Nilivuta tena. Misumari alinitazama, akatazama juu, akatupa nyundo na kushika ncha ya pili. Sentensi tatu. Tulilikokota likafika karibu na pale anapotua, lakini si pale hasa. Sentensi moja. Tukavuta.

Nikafumba macho. Nilisikia kishindo, kisha ukumbi mzima ukavuta pumzi.

Nilipofumbua, alikuwa amelala, nusu juu ya pazia, mkono mmoja kwenye saruji. Hakutikisika. Nilimwita kwa jina la utotoni, hakuitika. Makofi yalianza, yakazidi, na mimi nimepiga magoti nikimtafuta pumzi puani, nisijue ninachohisi ni pumzi yake au yangu.

Pazia la mbele liliposhuka, alifumbua jicho moja.

"Maiti haiamki watu wakiwa bado kwenye viti," alisema. "Nani kakuruhusu kuingia huku?"

Kifundo cha mkono kilikuwa kimeanza kuvimba. Misumari alikimbilia barafu. Binti aliuliza nimeionaje leo.

"Sikuona. Nilifumba macho."

"Basi huwezi kuandika."

"Siwezi. Nisamehe, mwanangu."

Aliubana mkono kifuani, uso umejikunja kwa maumivu.

"Sema tena, mama. Hiyo haikufika viti vya nyuma."

Nikasema tena.