Ncha Iliyolika Upande

Marehemu mumewe alimwachia kasha la kalamu za wino za zamani, na mjane alizitunza kama alivyofundishwa: maji ya vuguvugu, bila sabuni, kisha zikaegeshwa ncha chini kwenye kitambaa mpaka zikauke zenyewe. Wifi yake, dada wa marehemu, hakuishiwa utani.

“Wifi, hizo kalamu unaziogesha kuliko mimi nilivyowaogesha wanangu!”

“Wanao walikuwa wanakimbia. Hizi zinatulia.”

Zote alizipenda, lakini moja ndiyo iliyomshika roho. Ilikuwa nyeusi, yenye pete ya dhahabu, na marehemu aliitumia kuandikia tangu ujanani mpaka alipozidiwa na maradhi. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto, na kwa miaka yote hiyo ncha ililika upande mmoja ikafuata mkono wake. Mtu mwingine akiishika, ilikwaruza karatasi kama paka aliyefungiwa nje. Lakini baada ya mazishi, wageni walipotawanyika na nyumba ikawa kimya, mjane aliijaribu kwa mkono wa kushoto. Akaigeuza kidogo, akailaza kidogo, mara ikateleza. Hapo akajua kwamba vidole vyake vimekaa palepale vilipokuwa vikikaa vya mumewe. Tangu siku hiyo, kila baada ya sala ya asubuhi, aliandika mstari mmoja wa kumshukuru Mungu. Maandishi yenyewe yalikuwa ya kupindapinda, hata hakuyasoma. Alichofuata pale ni kushikwa mkono.

Kisha kalamu ikaacha kunyonya wino. Kifuko cha mpira cha ndani kilikuwa kimeoza. Akampelekea fundi wa saa na kalamu, ambaye watu walimwita Lenzi kwa sababu ya kioo alichokibana jichoni hata wakati wa kunywa chai.

“Badilisha mpira tu, fundi.”

“Ondoa shaka, mama. Kitu hakitoki mezani kwangu kikiwa bado kinasumbua.”

Akacheka, naye mjane akacheka. Yalikuwa maneno ya fundi anayejisifu, nani angeyapima?

Siku ya kuifuata, wifi alimsindikiza. Lenzi aliijaza wino mbele yao, akachora vizunguko kwenye karatasi, harakaharaka, kwa mkono wake wa kulia. Haikutoa hata sauti. Mjane akaiinamia karatasi.

“Mbona haikwaruzi?”

“Si ndiyo hapo!” Fundi alitoa kioo jichoni ili atabasamu vizuri. “Ilikuwa imelika vibaya upande mmoja. Nikaipitishia msasa laini, taratibu, mpaka ikakaa sawa. Hiyo sikutozi, mama. Ni zawadi yangu.”

Wifi akapiga makofi. “Mungu akuzidishie! Hata mimi sasa nitaweza kuiazima!”

Mjane alijishusha kwenye kigoda cha wateja.

“Nirudishie ilivyokuwa. Ilikuwa imefuata mkono wa marehemu mume wangu.”

Kicheko kilimtoka fundi kabla hajamtazama usoni. Alipomtazama, kikakatika. “Mama, kilichosuguliwa kimeshakwenda. Labda unionyeshe alivyokuwa akiishika, nijaribu kuufuata mkono wake.”

Mjane akaichukua kwa mkono wa kushoto, akainua vidole amwonyeshe. Vidole havikujua. Havikuwahi kujua, maana ncha ndiyo iliyokuwa ikiviongoza. Akailaza, ikaandika. Akaigeuza kidogo, ikaandika. Akataka kumwita Mola wake, ulimi ukawa mzito.

“Wifi,” dada wa marehemu alisema, na sasa sauti yake haikuwa na utani tena, “basi, twende nyumbani.”

“Ngoja. Alikuwa hapahapa.”

Akaisimamisha. Akaiinamisha huku, akaiinamisha kule, jasho likimtiririka, akitafuta mahali pa kukwama. Kalamu ikateleza kila alikoipeleka.