Kiungo Kilichoitwa Mpole

Maji yalikuwa yanatona tena kwenye beseni. Mhandisi alikibana kiungo kwa kidole gumba, yakakoma. Alipoachia, tone lilichungulia, likanenepa, likadondoka. Mpira ule na kiungo kile havikutengenezwa kwa ajili ya kukutana, na ndoa ya kulazimishana ilikuwa inavuja. Kidole kilikuwa kimeshachubuka.

"Unaona, Bosi? Hakishiki."

"Kinashika. Wewe unakikazia roho tu."

Karakana ile iliunda pampu za hospitali, zile za kumwingizia mgonjwa dawa mshipani kidogo kidogo. Mhandisi alikuwa na mambo mawili ya kubuni: kiungo, yaani pale mpira unapochomekwa, na kifaa cha kupima kama dawa inapita. Kifaa hicho mafundi walikiita sikio. Sikio lisiposikia dawa, pampu inapiga kelele mpaka muuguzi aje mbio. Mhandisi mwenyewe walimwita Mama Mipira, na kiungo chake cha kwanza wakakipa jina la Mkaidi, kwa sababu kilikataa mpira wowote usio wake. Mtu akichanganya mpira wa kulishia uji na wa dawa, Mkaidi anamgomea papo hapo. Jina hilo alilipenda kuliko sifa zote alizowahi kupewa pale.

"Mkaidi hatumtaki," alisema Bosi. "Mkuu wa bohari ya hospitali ameshajaza mipira yake, kila aina. Anataka kiungo kinachopokea yote. Tuletee Mpole."

"Nani kamuuzia mipira ya hivyo?"

"Shemeji yake. Inakuhusu?"

"Mpole atavuja, Bosi. Na akivuja, sikio litapiga kelele wodi nzima."

Sikio alikuwa ameliweka baada ya kiungo, karibu na mkono wa mgonjwa, na kulipata mahali hapo kulimtoa jasho. Bosi aliinama juu ya mchoro, akaweka kidole ndani ya tumbo la pampu.

"Basi lihamishie huku. Kabla ya kiungo."

"Hapo litasikia dawa ikitoka kwenye pampu tu. Halitajua kama imemfika mtu."

"Si litasikia inapita? Ndiyo kazi yake." Bosi alijinyoosha, sauti ikalainika. "Halafu, mama anaendeleaje?"

"Yupo wodini bado."

"Pole sana. Moyo si mchezo. Lakini bima yetu inamtunza, sivyo? Ukiwa huku, na yeye yuko huko anatunzwa." Akamgonga begani kama baba. "Mchoro nitauona kesho."

Mhandisi alikuwa amejiandalia maneno makali. Alitamani ayatoe, amtupie Bosi beseni zima, liwalo na liwe. Lakini liwalo lingekuwa kwa mama. Akavuta kiti, akachora.

Pampu zilipofika wodini, mama alikuwa wa kwanza kufungiwa. Siku mbili baadaye mhandisi aliingia saa ya wageni akamkuta ameegemezwa mito, uso umevimba, pumzi anaiomba. Hata hivyo alikuwa anatabasamu.

"Karibu, fundi mkuu! Mashine yako ina adabu, haipigi hata kelele. Nimewatangazia wote humu."

"Unajisikiaje, mama?"

"Kifua kimebana kidogo." Mama alitazama huku na huku, akamvuta karibu na mdomo wake. "Mwanangu, nina aibu. Nimejikojolea. Tangu jana nalalia majimaji. Usimwambie sista, nibadilishie shuka kimyakimya."

Mhandisi alifunua shuka. Lilikuwa limelowa upande wa mkono tu, kuanzia kwenye kiungo mpaka kwenye godoro. Alinusa. Haukuwa mkojo. Tone lilichungulia, likanenepa, likadondoka. Juu yake taa ya kijani ya pampu iliwaka kwa raha zake.

"Sista! Dawa inamwagika!"

Muuguzi alikuja, akaitazama pampu, si kitanda. "Mbona inasema imepita yote? Wagonjwa wengine wanazidiwa nikadhani ni ugonjwa umewashinda. Wewe unazijua hizi?"

"Anazijua!" alidakia mama, pumzi juu juu. "Ndiye aliyezitengeneza. Mwanangu huyo!"

Muuguzi alishusha sauti. "Basi nikuulize, dada. Ni nzima au ni mbovu? Ukisema mbovu, naziondoa zote sasa hivi. Ila nyingine hatuna, zile za zamani wameshazichukua. Na nitawaambia wakubwa ni wewe uliyesema."

Mama alikuwa anamtazama, macho yanang'aa kwa fahari. Mhandisi alifungua mdomo. Aliiona karakana, akauona mkono wa Bosi begani, akakiona kitanda hiki kikiwa hakina pampu, kisha hakina mama.

"Nzima," alisema. "Ni mpira tu umelegea."

Muuguzi alimtazama kidogo, akaenda zake.

Mhandisi alikishika kiungo, akakibana kwa kidole gumba, pale pale kilipowahi kuchubuka. Matone yakakoma. Baada ya muda mama alianza kuvuta pumzi ndefu kidogo.

"Mbona umenishika hivyo, mwanangu?"

"Nimekukumbuka tu, mama."

"Na shuka je?"

Hakuweza kumwambia si mkojo. Angeulizwa ni nini. "Nitalibadilisha. Usijali, hutokea kwa watu wazima."

Mama alifumba macho kwa aibu. Kitanda cha pili, mke wa mgonjwa alikuwa amefunua shuka la mumewe, anamkemea kwa kunong'ona: "Mzee mzima, na wewe leo umejikojolea?" Taa ya pampu yao ilikuwa ya kijani. Zote zilikuwa za kijani, mpaka mwisho wa wodi.

Kengele ya kuwatoa wageni ikalia. Mlinzi alipita kitanda kwa kitanda akiwahimiza watu, akasimama mbele yake.

"Dada, muda umekwisha. Mwachie mgonjwa mkono."