Mazishi ya Glavu ya Kaluba

Mimi ni wa ukoo wa Mbuzi, Kaluba ni wa ukoo wa Chui. Kwetu Wabemba koo hizo mbili ni watani, na mtani hakasirikiwi. Akikutukana mbele ya wakwe zako, unacheka. Ukifiwa, anaingia kaburini analala, na hatoki mpaka alipwe. Kwa hiyo msinione mwehu kwa haya nitakayosema.

Mkanda wa kubebea mawe mgodini Mufulira ulimsaga Kaluba mkono wa kulia, madaktari wakaukata chini ya kiwiko. Bodi ya fidia ikamwita aende Ijumaa, impime na kumkadiria ulemavu, apate pensheni ya fidia maisha yake yote. Asipokwenda, madai yamekufa. Naye akagoma.

"Mkono upo," aliniambia. "Nausikia. Umekunja ngumi, kucha zinachoma kiganja, silali. Sasa niende nikaape kwamba umekufa, nilipwe, na huku unanililia?"

Mkewe, mama Chola, akanifuata. "Mtani, umebaki wewe tu. Sisi wa nyumbani hataki kutusikia. Watoto watakula nini?"

Hospitalini walishauchoma ule mkono bila kumuuliza mtu. Hilo liliniudhi kuliko huo mkanda. Mtu wetu anazikwa bwana, hata kipande chake! Basi Alhamisi mchana nikachukua glavu yake ya kazini, ya kulia, ngozi ngumu iliyobaki na umbo la vidole vyake. Nikachimba shimo nyuma ya nyumba yao, nikaangua kilio. Majirani wakaja mbio.

"Jamani, nani amekufa?"

"Mkono wa Chui! Mwizi mkubwa huo! Umeninywea togwa yangu ya munkoyo miaka yote, leo umeondoka bila kuaga!"

Wanawake wakacheka. Kisha mmoja akaanzisha wimbo wa msiba, wa kweli kabisa, na wenzake wakaitikia. Kaluba akatoka mlangoni amefura. Mimi nikajitupa shimoni, lakini shimo lilikuwa dogo, ikaingia miguu tu.

"Sitoki! Nilipeni! Siku zote chui anakula mbuzi, leo mbuzi nimekalia kaburi la chui!"

Akajaribu kukaza uso, akashindwa. Akacheka, Mungu wangu, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia tangu ajali, na katikati ya kicheko akalia. Akanivisha kofia yake, ndiyo malipo, nikatoka. Akailaza glavu mwenyewe, akaifukia kwa mkono wa kushoto. Mara akasimama, akaitazama ile nafasi tupu chini ya kiwiko cha kulia.

"Nyamazeni," alisema. "Ngumi imefunguka."

Mama Chola alikaa chini palepale kwenye udongo. Kule mgodini nimewahi kusikia mwamba ukipasuka juu ya kichwa changu, lakini nywele hazikunisimama vile. Nilikuja kufanya mzaha, na kitu kikubwa kuliko mimi kikaupokea.

Ijumaa nilimsindikiza. Mkuu wa bodi, mzee wa kwetu mwenye mvi, alimpima begani na kwenye kiwiko, akamuuliza kama mkono bado unamsumbua.

"Tumeuzika jana," Kaluba akajibu.

Yule mzee akaweka kalamu chini. "Poleni na msiba," akasema, na hakuwa anatania. Kisha akamwambia kwamba ulemavu wake ni wa kudumu, na fidia ataipata mpaka mwisho wa maisha yake.

Kwetu mkubwa hashukuriwi kwa mdomo tu. Unapiga magoti, unapiga makofi taratibu. Kaluba akapiga magoti, akainua kiganja cha kushoto, kikabaki hewani peke yake. Akanigeukia. Moyo uliniuma mpaka nikasahau matusi yote ninayoyajua.

Nikapiga magoti kando yake, nikatoa kiganja changu cha kulia. Tukapiga makofi pamoja, na mlio ukatoka kama wa mtu mmoja.

"Chui," nikamnong'oneza, "mkono huu nimekuazima tu."

"Mbuzi we," akasema, "sirudishi."